Ulimi wa Mwonjaji

Kwa miaka kumi na minne, ulimi wake ndio uliomlisha. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha uji wa watoto wachanga. Yeye asipoitikia, pipa halitoki. Kisha ikaja homa, ikaondoka na harufu na ladha zote, na huu mwezi wa tatu anaitikia kwa kubahatisha, liwalo na liwe. Hajamwambia mtu. Nani atamweka kazini mwonjaji asiyeonja?

Akaenda kumtembelea dada yake, muuza maziwa. Masikini, kumbe shemeji mtu ameshapanga safari: mgeni wetu ni mtaalamu, lazima azungushwe kwa watengenezaji wote wa mtaani! Kwa mrina asali alitazama asali inavyochuruzika, akausifu uzito wake. Kwa mkamua juisi alimwacha shemeji atangulie kunywa, akamwona anakunja uso, naye akasema ndimu imezidi. Kwa mwoka mikate aligonga mkate kwa kidole, akausikiliza, wenyewe wakabaki midomo wazi. Jasho lilimtiririka mgongoni, ila alivuka. Lakini njia ya mwongo fupi, na yake iliishia uani kwa dada.

Dada alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. Mbele yake madumu mawili ya maziwa ya asubuhi. Moja aliliosha kwa dawa ya kuua vijidudu na hana hakika kama alilisuuza, lipi, hakumbuki. Mumewe, aliyebaki getini akipiga soga na jirani, hakufaa kuulizwa, maana huyo hata ukimlisha sabuni atasema tamu.

Vikombe viwili vikaletwa. Akaonja hiki, akaonja kile. Vyote kwake maji matupu. Hapa ndipo angesema ukweli, Mungu anamwona, lakini kidole kikatangulia.

"Haya ndiyo mazuri."

Dada hakuuliza mara mbili. Alibeba dumu la pili, akalimwaga lote mferejini. Kisha akachota kikombe katika yale mazuri, akampa kitindamimba wake wa miaka mitatu.

Kikombe kilikuwa kinagusa mdomo, mgeni aliporuka akakipiga kofi. Mtoto akaangua kilio.

"Asinywe, dada. Sisikii ladha tangu ile homa. Nimebahatisha."

Kabla dada hajajibu, shemeji aliingia ameziba pua, anauliza nani kamwaga dawa ya choo mferejini.

Kumbe alipatia! Angenyamaza dakika moja tu, siri ingebaki siri. Kwa nafuu akataka hata kucheka.

Dada hakucheka. Alimpangusa mtoto maziwa kifuani, taratibu, akamvuta ubavuni.

"Huyu wangu umemrukia," alisema. "Wale wa wenzio, unawabahatishia tangu lini?"

"Miezi mitatu."

Dada aliiokota simu ya mgeni mezani, akamwekea mkononi.

"Piga kiwandani, mdogo wangu. Sitoki hapa mpaka umalize."