Msichana Asiyekosa Jumatatu

Mume wake, dereva mstaafu wa malori, alikuwa na mzaha mmoja aliomsimulia kila mgeni: kwamba mke wake akisalimiwa "habari za asubuhi" huangalia kwanza saa ya ukutani. Wageni walicheka. Mke naye alicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo, huku akijiuliza huyu mgeni kacheka sana kwa nini.

Kazini mke huyo walimwita Bi Hebu. Watoto ndio waliompachika jina hilo, maana hakuna swali lililomtoka bila kutanguliwa na neno hilo: hebu nione, hebu rudia, hebu nitazame usoni. Aliongoza maofisa watano waliosimamia vijana walioachiwa na mahakama ya watoto kwa masharti. Hufungwi, unarudi kwenu, lakini mwaka mzima macho yetu yako mgongoni mwako. Kila Jumatatu saa mbili kamili asubuhi vijana walifika kutia sahihi kwenye daftari kubwa. Maofisa waliandika, na Bi Hebu alikaa mwisho wa meza akimuuliza kila mmoja maswali matatu: umelalaje, umefanya nini wiki hii, una mpango gani na maisha yako. Hilo la tatu ndilo lililowatoa jasho.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa pili kazini alimwandikia ripoti nzuri kijana mmoja aliyekuwa akilia mbele yake kwa kwikwi, akampa hata koti la mumewe. Wiki mbili baadaye kijana yule, koti lenyewe mwilini, alimvunja mzee mmoja nyonga akimpora. Bi Hebu alikwenda hospitali kumwona. Mzee hakumlaumu, aliuliza tu kama kulikuwa na mtu yeyote aliyekuwa akimwangalia yule mtoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Hebu tangu siku ile alishtuka kwa kila kitu.

Kwa hiyo mwaka ule aliyemkosesha raha hakuwa mtoro wala mgomvi. Alikuwa msichana asiye na doa. Jalada lilisema ana miaka kumi na mitano, alikamatwa na wenzake wawili wakiuza simu za wizi, ni mwanafunzi. Miezi kumi na moja hajakosa Jumatatu hata moja. Mvua inyeshe, barabara zijae maji, yeye saa mbili kasoro robo yuko kwenye benchi, kanga imefungwa vizuri kichwani, "shikamoo mama" iko tayari mdomoni. Ofisa wake alimwandikia sifa tupu. Ijumaa ya wiki ile ripoti ya mwisho ilitakiwa kwa hakimu. Ikiwa nzuri, jalada linafungwa bila mtoto hata kuitwa. Ikiwa mbaya, ni miaka miwili katika shule ya kurekebisha tabia, ile yenye ukuta mrefu na geti la bati, ambayo Bi Hebu aliwahi kupeleka watoto na kuwapokea wakirudi wakiwa na ujuzi mpya ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, alijisemea Bi Hebu. Jumatatu hiyo, msichana alipoinama kutia sahihi, akamwona mikono. Ilikuwa imebabuka na kupasuka kwenye vifundo, kucha zimeliwa na sabuni. Hiyo haikuwa mikono ya mtu anayeshika kalamu. Ilikuwa mikono ya mtu anayefua nguo za watu kutwa nzima.

"Hebu niambie, shuleni mnasoma nini siku hizi?"

"Yale yale tu, mama."

"Yapi?"

Msichana akatabasamu, akasema hesabu, akasema na mambo mengine. Bi Hebu akamwacha aende, kisha akamwita ofisa wake ndani na kufunga mlango.

Ofisa huyo walimwita Bwana Tai, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku za joto la kuchemsha maji. Alipokea jalada lile wiki mbili tu baada ya kesi, ofisa wa kwanza alipohamishwa.

"Mtoto huyu haendi shule," alisema Bi Hebu. "Anafulishwa nguo. Nawe unaandika anasoma. Wamekupa nini?"

"Bosi, mimi? Nimewatembelea nyumbani mara sita!"

"Ndiyo maana nauliza. Mara sita na hukuona mikono?"

Bwana Tai alinyanyuka. Alitoka akiwa amekunja uso, na mchana ule hakuna aliyethubutu kucheka ofisini. Bi Hebu alikuwa na hakika. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa na tai.

Jumanne asubuhi akaenda shuleni peke yake, bila taarifa, kama alivyopenda. Mwalimu wa darasa, kijana mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alisikia jina la mtoto akafurahi.

"Huyo? Huyo hakosi, mama. Wa nne darasani."

"Hakosi hata Jumatatu?"

"Jumatatu ndiyo kabisa. Mwalimu mkuu alimpokea kwa sharti moja, baada ya yale mambo ya mahakama: akikosa siku moja bila cheti cha hospitali, nafasi yake imekwenda." Akanyoosha kidole kupitia dirishani. "Yule pale, wa pili kutoka ukutani."

Bi Hebu akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Wa pili kutoka ukutani alikuwa msichana mrefu, mweusi, mwenye mwanya, ameinamia daftari lake. Bi Hebu hakuwahi kumwona maishani mwake.

Wengine wangepiga kelele. Yeye alishukuru, akatoka hadi kwenye kivuli cha ukuta wa vyoo, akahesabu kwa vidole. Miezi kumi na moja! Yeye, ambaye hunusa chumvi kabla ya kuitia kwenye mboga, amekaa mwisho wa meza akimuuliza mtu asiyemjua ana mpango gani na maisha yake. Majalada yao hayana picha, sheria inakataza kumpiga picha mtoto aliyefikishwa mahakamani, kwa ajili ya kumlinda. Ofisa aliyeujua uso wa mtoto alihamishwa. Waliobaki walipokea karatasi, na Jumatatu akaja mtu akasema ni yeye.

Jioni ile alikwenda nyumbani kwao na Bwana Tai. Vilikuwa vyumba viwili, uani kuna kamba tatu za nguo za watu na beseni la sabuni. Kwenye beseni alikuwepo msichana wa Jumatatu. Mlangoni alisimama yule mrefu, sare ya shule bado mwilini. Bwana Tai alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akalegeza tai yake.

"Huyu ndiye hunikaribisha maji ya kunywa kila nikija," alisema polepole, akimwonyesha yule mrefu. "Niliambiwa ni dada mtu."

"Dada mtu ni mimi," alisema wa kwenye beseni. Alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wa umbo, na povu lilimfika viwikoni. "Niliacha shule mama alipougua. Mama hajui kudanganya, msimguse. Ni mimi niliyesema niende mara moja tu. Halafu mkawa mmeshazoea sura yangu. Hata likizo ilibidi niendelee kuja mimi!"

Bi Hebu alilisogelea beseni. "Unajua hilo ni kosa? Unajua mdogo wako atapelekwa wapi kwa ajili hiyo? Kwa nini hamkuja ofisini mkasema?"

Mama yao alikuwa ameketi kizingitini, mwembamba, shuka begani.

"Tulikuja," alisema. "Tulileta barua ya shule. Tulisubiri kwenye benchi mpaka mchana, tukaambiwa tumekataliwa."

"Na nani?"

"Tungejuaje, mama? Tulionyeshwa wino tu juu ya barua, kisha wakabaki nayo."

Uongo, aliwaza Bi Hebu njiani. Wote husema walikuja. Aliwaza hivyo hadi ofisini, akawasha taa, akalitoa jalada na kulipekua tangu mwanzo, karatasi kwa karatasi. Barua ilikuwepo, imebanwa nyuma ya hati ya mahakama. Mwalimu mkuu aliomba mtoto aripoti siku nyingine, au hata Jumatatu hiyo hiyo baada ya masomo. Chini yake, kwa wino mwekundu: *Hapana. Visingizio vya kila siku.* Mwandiko ulikuwa wake. Hakuikumbuka siku ile kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Nyani haoni kundule. Mwanamke huyu aliyekuwa akitafuta mwongo chini ya kila kiti alikuwa amempa mtoto amri mbili zisizoweza kutimizwa na mtu mmoja, basi zikatimizwa na wawili.

Bwana Tai, aliyemfuata hadi ofisini, alikuwa amesimama mlangoni. "Bosi," alisema, "Ijumaa tupeleke ripoti kama ilivyo. Ni nzuri. Mtoto anasoma, hajaiba tena. Nani atajua?"

Tusimcheke. Mtu yeyote mwenye moyo angelifikiria, na Bi Hebu alilifikiria, kwa dakika nzima. Lakini sahihi arobaini na sita kwenye daftari hazikuwa za mwenye jalada. Siku yoyote mtu akilinganisha, mtoto anachukuliwa darasani na dada yake anachukuliwa kwenye beseni. Na yeye akisema ukweli, huenda wakachukuliwa hiyo hiyo Ijumaa. Aliogopa, na hakuwa na mtu wa kumshuku isipokuwa mwenye kalamu nyekundu.

"Nilikukosea jana," alimwambia Bwana Tai. "Nisamehe."

Kijana wa watu aliangalia huku na huku akidhani ni mtego. "Sawa, bosi," alijibu kwa tahadhari.

Jumatano na Alhamisi Bi Hebu alifanya kitu pekee alichokiweza vizuri. Alirudi shuleni akaomba daftari la mahudhurio, akakagua Jumatatu thelathini na moja za masomo moja baada ya nyingine, akizitazama kwenye mwanga wa dirisha kuona kama wino ni wa siku moja. Akaomba madaftari ya mazoezi, akalinganisha tarehe na masahihisho ya walimu. Akamhoji mwalimu wa hesabu, kisha mwalimu wa lugha, kila mmoja peke yake, wasije wakapanga. Akamhoji mtoto anayekaa naye dawati moja, na huyo akalalamika kwamba jirani yake hakosi hata siku ya zamu ya kufagia, kwa hiyo yeye hana wa kumsingizia. Mwalimu mkuu alichoka naye. "Mama, wewe humwamini nani?" aliuliza. Bi Hebu alimwomba asaini hapo chini.

Ijumaa walikuwa katika chumba kidogo cha hakimu, madirisha wazi, feni inazunguka kwa kusitasita. Hakimu alikuwa mwanamke wa sauti ya pole, na waliowahi kumsikia akitoa hukumu hawakuitegemea sauti hiyo. Alisoma ripoti ya Bi Hebu yote, pamoja na nakala ya barua na ule wino mwekundu. Kisha akaweka miwani mezani.

"Umedanganywa miezi kumi na moja," alisema. "Leo unaniambia mtoto huyu ametulia. Nitajuaje kama safari hii hudanganywi?"

"Kuamini sikujui sana, mheshimiwa. Kukagua ninakujua." Akamsogezea rundo la madaftari.

Hakimu alipekua kwa muda mrefu. Mama mtu alishika ncha ya shuka kwa meno. Yule mrefu alisimama wima, na dada yake nyuma yake, mikono ameificha.

"Wewe," hakimu alimwambia yule mrefu, "unamfahamu huyu mama aliyekusimamia mwaka mzima?"

"Nimemwona Jumanne tu, mheshimiwa. Kabla ya hapo nilimjua kwa kusimuliwa."

Karani alikohoa kuficha kicheko. Hakimu hakucheka. Aliandika, akapiga mstari, akasoma kwa ile sauti yake ya pole: mtoto abaki shuleni, amri imekwisha leo, dada anaonywa, na akirudia kujifanya mtu mwingine atajibu mwenyewe, ofisi ya uangalizi ipewe barua ya karipio, na iwekwe kwenye faili ya kiongozi wake. Mama mtu alikaa chini palepale, akalia bila sauti.

Kwenye korido Bi Hebu aliegemea ukuta. Karipio halikumuuma, alijua ni halali yake. Mama mtu alipita, akasimama, akasema ahsante kwa heshima na bila kumpa mkono. Mtoto mrefu alipita akikimbilia kipindi cha mchana. Dada mtu alibaki, akizungusha ncha ya kanga kwenye vidole vyake vilivyopasuka.

"Mama, Jumatatu nisije tena?"

Bi Hebu alimtazama. Mazoea hayana dawa, akaanza kutafuta mtego uko wapi. "Wewe huna kesi. Uje kufanya nini?"

"Yale maswali." Msichana alitazama sakafu. "Umelalaje, na lile la mpango. La mpango nilikuwa nakujibu uongo wa mdogo wangu kila wiki. Langu mwenyewe hujaniuliza."

Bi Hebu alitafuta neno la ukali, kwa kuwa hilo ndilo alilozoea kulikuta mdomoni, asilione. Akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaandika kiganjani mwake mwenyewe ili asisahau: Jumatatu, saa kumi, baada ya kazi za kufua.

"Njoo," alisema. "Unaitwa nani?"