Mume Wangu Hakwenda Ulaya

Nasema mwenyewe kabla hamjaniuliza: kosa lilikuwa langu. Mume wangu alikuwa mgonjwa, na mimi nikamfanya msafiri. Nilidanganya mtaa mzima, nikadanganya kanisa, nikamdanganya hata mama aliyemzaa. Na nilidanganya vizuri, jamani! Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Nimezeeka sasa na ninyi hamnijui, kwa hiyo wacha niseme yote. Majina nimeyabadilisha. Atakayenitambua anyamaze kwa hisani yake.

Ilikuwa Kolwezi, nchi ikiitwa Zaire. Sisi asili yetu ni Kasai. Babu zetu waliletwa kufanya kazi mgodini na hatukurudi tena. Mume wangu, nimwite Baba Ngalula kwa jina la binti yetu wa kwanza, alikuwa fundi umeme wa kampuni ya migodi. Tulikaa nyumba ya kampuni, tulikula unga wa kampuni, na Jumapili mimi nilikwenda kanisani shingo juu. Nilipenda kuonekana. Niseme ukweli, nilipenda mno!

Mwaka ule alianza kufungua vitu. Alifungua redio, akapanga skrubu mezani kwa mstari, akashindwa kuirudisha. Akafungua pasi. Akafungua saa ya ukutani. Kisha alikaa mbele ya skrubu zake akilia, fundi mzima, aliyekuwa akiitwa kila mahali umeme ukigoma. Chakula hakula, usingizi hakupata. Watoto wakimwamkia, alikuwa hasikii.

Daktari wa kampuni alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika. Akatuandikia kwenda kwenye hospitali ya kibinafsi ya wagonjwa wa akili, ya masista, upande wa magharibi, kwenye reli ya kwenda Kasaji. Akanipa karatasi ya vitu vya kuandaa: shuka mbili, blanketi, pijama, ndala, sahani na kikombe cha bati, sabuni, picha ya familia. Mkanda na wembe viachwe nyumbani. Na chini kabisa, mstari wa mwisho: majina ya watu watatu watakaomtembelea.

Katika karatasi nzima mimi nilisoma neno moja tu, akili. Nikaikunja mara nne na kuificha kifuani.

Sasa, ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Mama Kabedi, ambaye mumewe aliendesha lori kubwa la mgodini. Mama Kabedi alijua nimepika nini kabla mimi mwenyewe sijaonja. Siku ileile akanikuta bombani.

"Mama Ngalula, banasema tata eko naenda safari. Ni kweli?"

Mdomo wangu ukanitangulia. "Njo vile, mama. Kampuni inamutuma Bulaya. Staji ya miezi mbili."

Miaka ile kampuni ilituma watu Ubelgiji kweli, kwenda kuongeza ujuzi, kwa hiyo nani angenibishia? Kufikia jioni uongo wangu ulikuwa umezunguka mtaa na kurudi kwangu umenenepa. Baba Ngalula akirudi atakuwa mkubwa wa idara! Nami sikukanusha.

Wanawake walikuja kutazama ninavyofungasha. Mniambie, mbele ya macho yale ningetoa wapi ujasiri wa kuweka sahani ya bati? Nani anakwenda Ulaya na sahani ya bati? Katekista alileta koti zito la sufu aliloachiwa na padre mmoja wa zamani, likajaza nusu ya sanduku. Nikaweka abakosti mbili, zile suti za heshima za Kizaire, viatu vya kung'aa, mkanda, barua nne za watu wenye ndugu kule, na mfuko wa viwavi vikavu vya kula, maana Mama Kabedi alisema watu wetu walioko Ulaya wanalilia viwavi. Pijama haikupata nafasi. Blanketi nalo halikuingia. Picha ya watoto ilibaki ukutani.

Mume wangu alikuwa kitini, akitazama sanduku lake linavyojaa vitu vya mtu mwingine. Aliuliza swali moja tu.

"Bibi, kule kwenye minaenda, kuko baridi?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe!

Kila mmoja aliagiza chake: kofia, mwanasesere, dawa ya miguu. Tata Kabedi, mumewe Mama Kabedi, peke yake hakuagiza kitu. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi, akasema, "Tata, utapumuzika kule. Uko na bahati." Sikumtilia maanani.

Shida ni kwamba wasafiri wa Ulaya walielekea mashariki, kwenye uwanja wa ndege, na hospitali ilikuwa magharibi. Basi tulipanda basi la mashariki, watu wakiimba na kupunga vitambaa. Tukashuka kituo cha kwanza. Tukangoja hadi tukapata lori la makaa linalorudi magharibi, na lori hilo, ole wangu, lilipita barabara ya mtaa wetu! Nilimlaza mgonjwa juu ya magunia, nikamfunika lile koti la padre kichwa na miguu, jua likiwaka.

Chini ya koti nikasikia sauti: "Bibi, tunafika Bulaya?"

Sijui kama ulikuwa ugonjwa au alikuwa ananitania. Nilimwambia anyamaze.

Sista aliyetupokea alifungua sanduku. Akatoa koti. Akatoa viatu. Akanusa mfuko wa viwavi. Akaniangalia kwa upole, mimi nikiangalia sakafu.

"Mama," akasema, "huku kwetu theluji haiko."

Wakamwazima sahani, wakamwazima shuka. Siku za kwanza alijifunika koti, na wagonjwa wenzake wakampa jina, Tata Bulaya. Viwavi walivila pamoja. Na kwenye ile karatasi yenye mistari mitatu ya wageni, niliandika jina langu. Mistari miwili ikabaki mitupu.

Nilikwenda kila baada ya wiki mbili, kitambaa nimekishusha hadi kwenye nyusi. Yeye alikuwa anapata nafuu. Sista alimpa redio mbovu, akaifungua, akairudisha, ikaimba! Akaanza pia kusuka vikapu. Na kila nikifika alinipokea kwa swali lake:

"Na ule bwana wa Bulaya, eko muzima? Anaandikaka?"

"Anaandikaka sana," nilijibu. Na sikudanganya, maana barua zile niliziandika mwenyewe na kuzisoma kwa majirani baada ya misa. Theluji niliielezea vizuri sana, mimi ambaye sijawahi kuiona hata kwa mbali. Alicheka hadi akashika mbavu. Nikaona basi, mambo si mabaya hivyo.

Halafu mama yake akaja. Uongo wangu ulimfikia Kasaji alikoishi, akapanda treni na debe la asali na unga wa muhogo, anataka habari za mwanawe aliye Ulaya. Alikaa kwangu siku tatu. Nilimsomea barua zote. Mama yule hakujua kusoma. Aliichukua moja akaiweka shavuni, akakaa hivyo muda mrefu.

Treni ya Kasaji inasimama kituo kidogo kilicho karibu na ua wa hospitali. Alipita pale wakati wa kuja, na angepita tena wakati wa kurudi. Nilikaa naye stesheni ya Kolwezi tukingoja, nikilijua jambo hilo, na nikampandisha treni na kumpungia mkono.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea mume wangu asali. Nilimsimulia kama kichekesho.

"Mama alipita hapa?" akauliza. "Na miye niko hapa ndani?"

"Mara mbili," nikasema. Mjinga mimi!

Aliweka asali chini. Hakunitania tena. Wiki ile aliacha kula, na ile redio iliyokuwa ikiimba akaifungua tena na kuacha skrubu zake kitandani. Daktari aliniita. Alikuwa amepanga kumruhusu siku chache zijazo. Sasa angebaki mwezi mzima zaidi. Mwezi ule ni wangu. Ugonjwa ulikuwa umeanza kuondoka, mimi ndiye niliyeuita urudi.

Nililia njia nzima. Sikurudi nyumbani, nilipanda treni hadi Kasaji, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe na kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipepeta unga wake.

"Barua uliisoma muzuri, mwana," alisema. Akaweka ungo chini, akajifunga kitenge, tukapanda treni kwenda hospitali. Afadhali angenipiga!

Mwanawe alikula siku ile, kwa mkono wa mama yake, kama mtoto.

Aliporudi Kolwezi, ua wetu ulijaa watu. Wageni wa zawadi! Aliweka sanduku juu ya meza na kulifungua mbele ya wote. Kwanza alimrudishia katekista koti lake, na barua nne akawarudishia wenyewe. Kisha akatoa vikapu, kimoja kwa kila aliyeagiza kitu.

Mama Kabedi alikigeuza chake juu chini. "Tata, kumbe Bulaya banatengenezaka bitunga?"

"Mi sikufika Bulaya, mama. Nilikuwa ku hospitali ya masista, kwenye banatunza bagonjwa ba kichwa. Hii kitunga nilitengeneza na mikono yangu." Akanigeukia. "Ni bibi yangu njo alifika Bulaya. Aliona mpaka theluji."

Katekista akaangua kicheko, na ua wote ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mume wangu alikuwa anacheka pia, nami nilikuwa nimekikosa kicheko kile kwa mwezi mzima.

Asubuhi yake Mama Kabedi alipita mlango wa nyuma. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

"Mama Ngalula, ile karatasi ya bitu bya kubeba kule... ungali nayo?"

Mumewe alikuwa akimaliza zamu anabaki ndani ya lori lake, haongei, hashuki, mpaka wenzake wamtoe. Miezi sita. "Niliwaza ni shiye peke yetu," akaniambia. "Kama ungesema tangu kwanza, mama..." Nilimkumbuka yule mtu mlangoni aliyemwonea mume wangu wivu kwa kupumzika.

Niliitoa karatasi. Tukaanzia chini, kwenye majina ya wageni. Kwenye mstari wa kwanza jina langu lilikuwa bado lipo, na sikulifuta. Mume wangu alikuwa amesikia yote. Akachukua kalamu na kuandika lake. Mstari wa tatu tuliandika jina la mama yake Tata Kabedi, la Mama Kabedi tukaliongeza pembeni, na ujumbe ukapelekwa kwa mama yule mtaani Musonoi siku ileile.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani: usimfanye msafiri! Ukisahau blanketi, watamwazima. Ukisahau sahani, watamwazima. Lakini mama yake na ndugu zake huwezi kuwaazima popote, na usipowaambia hawatakuja. Mimi nilimnyima mama mtoto wake akiwa karibu na reli, na hiyo bado inaniuma.

Mzee wangu yupo, anatengeneza redio za mtaa. Mpaka leo nikichukua tu kapu la sokoni, ananiuliza: "Bibi, kule kwenye unaenda, kuko baridi?" Siku hizi namjibu ukweli: mahali, mlango, na saa ya kurudi.