Bawaba ya Ndege

Wiki jana nilipeleka makala yangu yachapwe kwenye duka la kompyuta mjini Homa Bay. Mwenye duka, mwalimu mstaafu, hata hakuniangalia. Alikuwa ameunda ndege yake mwenyewe ndani ya mchezo wa kurusha ndege, na kila akibonyeza kitufe ili ikunje magurudumu, magurudumu yalichomoka na kuizunguka ndege nzima kama mbwa anayefukuza kuku.

"Leo ikikataa, naifuta," akaapa.

Mimi, msomi, nikamshauri anunue kompyuta mpya.

Nyuma yangu fundi wa milango kutoka Asumbi, aliyeleta barua ya kanisa, akanyoosha shingo. "Mwalimu, hiyo mguu umeifunga bawaba wapi?"

"Katikati ya ndege."

"Sasa Mwalimu, mlango ya nyumba yako ulifunga bawaba katikati ya sebule?"

Mwalimu akaihamisha bawaba hadi pale mguu unaposhikana na tumbo la ndege, akabonyeza. Magurudumu yakaingia tumboni taratibu, yakatulia. Duka zima tukapiga makofi.

Fundi, ambaye hajawahi kupanda ndege, akabonyeza mwenyewe mara mbili huku ametega sikio, akatikisa kichwa kwa heshima. "Na hata hailii! Hii haihitaji grisi."