Nilivyokatisha maziwa ya mkwe Majimoto kwa kujifanya najua chai ya Kihindi

Wakuu, heshima kwenu wote. Hapa sijaongeza chumvi, mashahidi wapo Mpanda na Majimoto, nendeni mkaulize.

Mimi ni mtu wa Karema, ukoo wa wavuvi, ila kwa sasa nauza vipuri vya pikipiki Mpanda mjini kwenye duka la familia ya Kihindi.

Ngoja kwanza niwaambie kuhusu wale watu na chai.

Pale dukani hakuna anayekuuliza kama unataka. Unashtukia kikombe kiko mbele yako. Kidogo, maziwa tupu, iliki, tangawizi na pilipili manga. Jua la Mpanda linachoma, wao wanachemsha. Boda akija kugombana kwamba cheni aliyouziwa ni mbovu, analetewa chai kwanza. Akishika kikombe tu ugomvi unapoa, maana huwezi kumfokea mtu huku unapuliza chai yake.

Msimamizi wa yote ni mama yake bosi. Tunamwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita bibi. Kazaliwa Tabora, Kiswahili ananizidi. Anamimina chai kwenye kisahani, anaivuta kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Sasa hivi na mimi navuta vile vile.

Tuje kwenye mkasa.

Nina mchumba anaitwa Kabula, Msukuma, baba yake anafuga ng'ombe Majimoto. Kabla sijaenda kujitambulisha nikapenyezewa habari mbaya: mzee kasema binti yake aliyekulia kwenye maziwa haendi kwa mtu wa samaki.

Wakuu, yule dada nampenda. Nilikonda kabla hata ya safari.

Nikaenda na baba mdogo. Tukapewa viti, tukasalimiana, halafu mzee akageukia zizi lake. Baba mdogo akaongelea mpunga, mvua, barabara. Mzee anaangalia ng'ombe wake tu.

Hapo akili ya dukani ikaniingia. Nikakumbuka wale boda.

"Mzee, naomba nikupikie chai ya Kihindi."

Viungo nilikuwa navyo kwenye begi, Ba alinifungia zawadi ya mama mkwe. Baba mdogo akanikanyaga mguu, maana mtu aliyekuja kuposa haombi jiko, mnajua hilo. Lakini mzee akageuka kuniangalia.

"Mpeni jiko," akasema.

Likaletwa jiko la mkaa uani, nyumba nzima inatazama. Na sufuria ya maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile ile. Nikatwanga tangawizi, nikaimimina yote kwenye maziwa mabichi, nikabandika.

Kwani nilishawahi kupika? Kazi yangu ilikuwa kunywa.

Yalipoanza kupata moto, maziwa yakakatika. Mabonge huku, maji ya njano kule. Kabula akakimbilia ndani, sikujua anacheka au analia.

Mzee akachungulia sufuria.

"Ng'wanone," akaniita taratibu, yaani mwanangu kwa Kisukuma, kama baba anavyomwita mwanae mgonjwa, "maziwa yamekukosea nini?"

Jasho lilinitoka. Nikampigia Ba.

"Ba, maziwa yamekatika, na niko ukweni."

"Umeweka tangawizi kwenye maziwa mabichi?"

"Ndiyo, Ba."

"Mjinga wewe! Tangawizi inachemka na maji na majani kwanza, maziwa yanakuja mwisho! Mzee yupo hapo? Weka spika."

Nikaweka.

"Mzee, poleni na huyo kijana, ni wangu. Kunywa anajua, kupika hajui. Lakini haibi, halewi, na mteja akimtukana anamvutia kiti. Hayo mabonge msiyamwage, chujeni, wekeni sukari na iliki, watoto wale. Mpeni maziwa mengine, ila mwiko asishike yeye."

Mzee alicheka, wakuu. Alicheka mpaka akavua kofia.

Mama mkwe akapika mwenyewe huku Ba anamwelekeza kwenye simu. Majani sasa. Subiri. Bado. Haya, maziwa. Chai ikaiva wao bado wanaongea, wameshafika kwenye maumivu ya magoti. Salio langu likakata, Kabula akapiga kwa simu yake.

Mzee akanywa kikombe, akaongeza kingine. Halafu akanitolea uamuzi.

"Habari za binti yangu siongei na wewe. Mlete huyo mama."

Jumapili Ba akapanda gari ya bosi na sufuria yake mwenyewe, hakuamini sufuria za watu. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, akakaa siti ya nyuma ameshika thermos.

Wakanywa, wakaongea, wakanywa tena. Mimi nimesimama zizini, nahesabu ng'ombe.

Mwishowe mzee akaniita.

"Binti nimempa huyu mama. Wewe utamchukulia kwake."

Nililia mbele ya ng'ombe wote, na sioni aibu. Ndoa ni baada ya mavuno ya mpunga.

Nilichojifunza: chai haipikwi kwa uzoefu wa kunywa. Na yule mnayekunywa naye kila siku bila sababu yoyote, siku ukikwama ndiye atakayesema "huyo ni wangu" mbele ya watu. Mimi nilidhani Ba ananipa chai tu.

Haya, nyie wenye majirani au mabosi Wahindi, huko kwenu chai yao ikoje? Na aliyewahi kuaibika ukweni kunizidi ajitokeze, nisijione peke yangu.