Udi Chini ya Kiti cha Bwana Harusi

Najua mnanicheka. Nnapopita Darajani na madaftari yangu kwapani watu wananusa hewa, fff, fff, kisha wanaulizana, "Jamani, hamsikii harufu ya udi?" na mimi nnajitia hamnazo, nnaongeza mwendo, huku masikio yananiwaka kama kaa la moto. Basi leo nnaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, maana nshachoka na masimulizi ya watu (yuko mmoja Malindi anaapa kwamba bwana harusi aligeuzwa mshikaki, na huo ni uongo mtupu, aliungua kidogo tu, tena upande mmoja). Aibu yangu naijua mimi, na mimi ndiye nitakayeihadithia, mkitaka kucheka mcheke kwa habari ya kweli.

Mjomba wangu Abeid ana gari la teksi. Mnalijua. Ndilo lile jeusi ambalo watoto wa mtaani wamelibatiza Sukuma Twende, kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka kiasi kwamba Mjomba akitia ufunguo gari linatoa sauti moja tu, kama mzee anayetafuta kohozi, halafu kimya. Ukipiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele, linarudisha teke, siku moja liliutegua mkono wa Mjomba, kwa hiyo dawa ikabaki kusukuma. Abiria analipa nauli, anashuka, anasukuma, anapanda tena. Wengine walizoea hata wakawa wanavua viatu kabla.

Hayo yangekuwa maisha ya kawaida tu, lakini Mjomba alikuwa amempenda Bi Zuhura. Bi Zuhura ni dada yake Bwana Mbarouk, karani wa bandarini, jitu la kitambi na miwani, ambaye akitembea Mkunazini watu hujibana ukutani, si kwa heshima, bali kwa sababu kichochoro hakiwatoshi. Baba yao kafariki, kwa hiyo posa ikapelekwa kwake yeye Mbarouk, na yeye akajibu mbele ya wazee, sauti juu, kama anasoma barua ya serikali:

"Nimuoze dada yangu mtu ambaye gari lake linasukumwa kama rukwama? Siku ya kumpeleka kwake atasukuma nani? Bibi harusi?"

Wazee wakacheka, Mjomba akarudi nyumbani hakula. Lakini Mungu si Athumani, Mbarouk mwenyewe naye alikuwa anakaribia kuoa, Kiembe Samaki, na harusi ni Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, na gari alilokuwa ameahidiwa na bwana mkubwa mmoja likamponyoka wiki ile ile. Basi akaja kibarazani kwetu, kakunja uso kama anayemeza shubiri.

"Abeid," akasema, "nipeleke wewe. Ukinifikisha kwa heshima, bila ya mtu kutia mkono kwenye gari, ile habari ya Zuhura tutaizungumza upya. Likisukumwa hata hatua moja, usinitajie tena."

Sasa mnaona mambo yalipokuwa. Mjomba usingizi ukamruka. Na mimi, mpwa mwema, mwanafunzi wa skuli, niliyekuwa nimesoma habari za umeme ukurasa mmoja na nusu, nikasema maneno ambayo laiti ulimi ungenasa: "Mjomba, dawa ni betri kubwa."

"Kubwa vipi?"

"Ya lori."

Mjomba ana sahibu yake dereva wa lori linalobeba karafuu kutoka Kizimbani, na lori lenyewe wakati huo lilikuwa juu ya mawe linangojea kufanyiwa matengenezo. Tukaiazima betri yake. Nikaifuata kwa baiskeli siku ya Alkhamisi, nikaifunga kwenye keria nyuma yangu (betri kama sanduku la harusi, nzito, ina nguvu za kuamsha maiti) na njia nzima kila baiskeli ikiruka shimo yale maji yake yananirukia makalioni, tepe, tepe. Nikaona kaptura yangu ya skuli imeloa kidogo, nikasema maji tu, yatakauka. Yakakauka. Likumbukeni hilo, tutalirudia, kwa masikitiko.

Betri ya Sukuma Twende hukaa chini ya kiti cha nyuma, ndani ya kishimo chake, na juu yake kuna kifuniko cha ubao, halafu ndio kinakuja kiti chenyewe, chenye springi za chuma na usumba wa nazi ndani yake. Mjomba alikuwa kwa kinyozi, kaniachia kazi, kaniambia, "Fanya polepole, mwanangu." Nikaitumbukiza betri. Upana ikaingia kwa kubana, lakini urefu, lahaula, ikachomoza juu, na kifuniko kikawa hakikai, na kifuniko kisipokaa kiti hakikai, kinabaki kimeinua kichwa kama jogoo. Nikafikiri. (Hapo ndipo lilipoharibika, mimi nikifikiri huwa linaharibika.) Nikajiuliza, huu ubao kazi yake nini hasa? Unafunika betri. Na kiti je, si kinafunika pia? Sasa vifuniko viwili vya nini, hii betri au halua? Nikautupa ubao uani, bibi yangu akauona, akasema, "Umenifaa huu," akaufunikia mtungi wake wa maji. Nikarudisha kiti, kikakaa sawasawa. Nikakikalia kujaribu, nikaruka ruka juu yake, salama.

Lakini mimi nina uzito gani? Mimi nikisimama upande wa jua sina kivuli.

Mjomba aliporudi akatia ufunguo, na gari likaitikia mara moja, vruuum, kabla hajamaliza kukizungusha. Taa ziliwaka mpaka paka akakimbia. Honi, iliyokuwa ikilia kama kifaranga, ikanguruma mtaa mzima ukachungulia madirishani. Mjomba akanikumbatia, akanibusu kipaji cha uso, akasema, "Wewe utakuwa mhandisi, wallahi." Machozi yalimlenga. Nikaona nshamuoza mjomba wangu.

Ijumaa baada ya Alasiri gari likasimama barabarani Mkunazini, limepambwa maua na vitambaa. Bwana Mbarouk akatoka kichochoroni ubavu ubavu, joho jeusi la nyuzi za dhahabu, kilemba, jambia kiunoni, na mama yake nyuma na chetezo anamalizia kumfukiza, na wosia anampa kwa sauti ambayo mpaka sisi tuliusikia: "Mwanangu, bwana harusi habwabwaji, hajikuni, hageuki geuki. Kaa kama mfalme." Akaingia nyuma pamoja na ami yake, Mzee Haji. Mimi mbele na Mjomba, nimevaa kanzu yangu ya Idi, na ndani ile kaptura ya skuli (nani anatazama ndani ya kanzu?). Mbarouk alipojiachia kitini nilisikia springi zikilia, ngwiii, nikacheka moyoni, mjinga mie.

Ufunguo mara moja, gari hilo. Watoto waliojipanga nyuma tayari kwa kusukuma wakabaki mikono hewani. Mjomba akanitazama kwa jicho la kando, tukaondoka.

Tulipokuwa Mnazi Mmoja Mzee Haji akavuta pumzi. "Mashallah," akasema, "udi mpaka ndani ya gari!"

Nikageuka. Kutoka chini ya kiti ulikuwa unapanda moshi mwembamba, mzuri, wa kistaarabu.

"Atakuwa mama," Mbarouk akajibu bila ya kugeuza shingo. "Ameweka chetezo chini ya kiti. Mama hasahau kitu." Na kwa kuwa kujifukiza anakujua, akalitanua joho lake pande zote mbili, kama kuku anayeatamia, moshi umwingie vizuri.

Sasa jamani, mimi pua ninayo. Ule haukuwa udi, ule ulikuwa usumba. Na ukurasa wangu mmoja na nusu ukanijia wote kwa mpigo: vile vichwa viwili vya betri viko wazi, juu yake chuma cha springi, na juu ya chuma kitambi cha karani wa bandari kinagandamiza. Ningesema, "Mjomba, simama." Lakini tukisimama injini itazimwa, nani anajua kama itawaka tena, na likisukumwa hata hatua moja, Bi Zuhura ndiyo basi. Nikasema moyoni, tufike tu. Kiembe Samaki si Pemba.

"Lakini," akasema Mzee Haji tulipopita Migombani, "udi huu mbona una harufu ya mpira?"

"Wa siku hizi, mzee wangu," nikamjibu. "Unatoka Bombei."

"Na moto wake mkali," akasema Mbarouk, sauti imeanza kubana. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kilemba.

"Udi mzuri hautaki moto baridi, Bwana Mbarouk."

"Kweli," akasema. Akakaa kama mfalme. Sikumpenda yule mtu, lakini haki yake nitampa, sijamuona mwanamme mwengine aliyefukizwa namna ile akanyamaza. Mjomba, maskini, macho yote barabarani, anatabasamu, anapiga honi kwa kila mbuzi.

Tukaingia Kiembe Samaki moshi unatoka madirisha yote manne. Mbele ya nyumba watu tele, wanaume wamejipanga, wanawake wamejaa barazani, na katikati yao Bi Zuhura mwenyewe aliyetangulia na gari la abiria. Bibi mmoja wa makamo akapaza sauti, "Tazameni watu wa mjini! Hawatosheki kujifukiza wenyewe, wanalifukiza na gari!" Vigelegele vikapigwa mpaka kunguru wakaruka.

Gari likasimama. Na katikati ya vigelegele ikatoka sauti nyembamba, ambayo hakuna aliyeamini kwamba imetoka kwenye mwili ule:

"Mama yangu weee!"

Mlango ukafunguka na mfalme akatoka mbio, jambia linampiga mapajani, na nyuma ya joho lake kuna duara jekundu la moto linalokua. Mimi nikaruka, nikaivua kanzu yangu ya Idi, nikamfukuza kiwanjani nikimpiga nayo makalioni, paa, paa, mbele ya sheikh, mbele ya baba mkwe, mbele ya halaiki, huku nnapiga kelele, "Simama, Bwana Mbarouk, simama!" na yeye anajibu, "Niache, mshenzi we!" Moto ukazimika. Nikarudi mbio garini, nikainama, nikakitoa kiti nje kinafuka, nikaung'oa waya wa betri.

Hapo ndipo watu wote waliponigeukia mimi. Nikahisi upepo, tena upepo wa bahari kabisa, mahali ambapo upepo haujawahi kunifika nikiwa mbele ya watu. Nikapeleka mkono nyuma. Kaptura haikuwepo. Ile sehemu yote iliyorukiwa na maji ya betri jana yake ilikuwa imeliwa, imekuwa unga, na nilipoinama ikaniaga.

"Masikini," akasema yule bibi wa makamo, kwa huruma ya kweli, "na huyu mtoto naye kaungua!"

"Hajaungua, bibi," akajibu Bi Zuhura, "mbona anang'ara?" Halafu akacheka, na baraza zima likaporomoka kwa kicheko.

Harusi ilifungwa, maana siku ikifika imefika. Joho likatupwa na kanzu yake pia, kwa hiyo Mjomba akaivua kanzu yake akampa Mbarouk, na kwa kuwa Mjomba ni mwembamba, bwana harusi aliingia ndani ya kanzu ile kama mto ndani ya foronya ya mtoto. Mjomba akabaki na fulana na msuli. Sheikh akamwambia Mbarouk, "Kaa, bwana." Akajibu, "Nimeona raha kupiga magoti, sheikh." Ndivyo alivyoozwa, kwa magoti, ndani ya kanzu ya mtu aliyemkatalia dada yake.

Na gari? Lilisukumwa. Si hatua moja, maana nyaya zilikuwa zimeungua na kuwaka halikuwaka tena. Lilisukumwa kutoka Kiembe Samaki mpaka mjini na watu wa harusi waliovaa kanzu nyeupe, wanaimba, na mimi ndiye niliyewekwa kwenye usukani, si kwa heshima, bali kwa sababu nikikaa sionekani nyuma. Mjomba alisukuma pembeni ya dirisha langu. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Nilimwambia, "Mjomba, nisamehe, nimekuharibia." Akasema, "Kaza usukani."

Baada ya siku za fungate yule bibi wa makamo akaja kwetu na ujumbe wa Bi Zuhura. Kumbe Bi Zuhura alimwambia kaka yake kwamba mwanamme anayevua kanzu yake mwenyewe mbele za watu kwa ajili ya mtu aliyemtukana, huyo anamtaka, na Mbarouk (alikuwa bado anakula kwa kusimama) akakubali. Sharti alilotoa mwanamke ni moja tu.

"Kasema mje kwa miguu," bibi akasema, kisha akanikazia macho mimi, "na huyu avae suruali mbili."

Kwa hiyo Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishapita, tunakwenda kuoa, kwa miguu, inshallah, na mimi nitatangulia mbele nimevaa suruali tatu, si mbili. Betri ya lori imerudi kwa wenyewe. Sukuma Twende linasukumwa kama zamani na silioni ubaya. Kile kifuniko cha ubao nilikwenda kumuomba bibi yangu anirudishie, akakataa, kasema maji yake hayajapata kuwa baridi namna hii. Basi kila nikienda kunywa nnakiinua kwa mkono wangu mwenyewe, nnachota, kisha nnakirudisha mahali pake polepole sana, kwa adabu. Sitaondoa tena kifuniko cha kitu chochote duniani kabla sijauliza kinafunika nini.