Manowari Iliyompa Mwanangu Jina

Mwanangu na manowari aliyoitumikia baba yake wana jina moja. Meli ilitangulia, mtoto akafuata. Jina lenyewe silitaji.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo, chini kabisa kwenye chumba cha injini. Meli ilipokuwa ikiundwa Ulaya, yeye alikuwa miongoni mwa waliopelekwa kusomea mitambo yake na kuileta nyumbani. Mimi nilibaki mtaani kwetu Darsait kwa mama mkwe wangu na mimba yangu, na nikajifungua meli ikiwa njiani. Siku aliyofika alikuwa ananuka dizeli mpaka nyweleni. Akampakata mtoto, akamwita kwa jina la meli.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa Unguja, akisema kitu amekisema. Alitegemea mjukuu apewe jina la marehemu mumewe.

"Mtoto hapewi jina la chuma," alisema.

"Chuma hichi ndicho kilichonirudisha kwako salama, mama."

"Haya. Lakini umewafunga kamba moja, mtoto na meli. Utakuja kuniambia."

Mume wangu alicheka. Alikuwa mtu wa spana na geji; kitu asichoweza kukifungua akatazama ndani hakukiamini.

Miaka ikapita, na meli ikafanya kazi zake. Ililinda mipaka ya bahari. Iliwatoa mabaharia kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikiungua, ikawaleta nchi kavu wamejifunika mablanketi. Kimbunga kilipokata barabara za pwani, ndiyo iliyobeba maji na unga kupeleka vijiji ambavyo gari hazifiki. Mwanangu aliyajua yote hayo kuliko masomo yake. Skuli akiulizwa jina, alisema, "Kama manowari," na watoto wenziwe wakamwonea wivu.

Halafu moto ukazuka chumba cha injini. Mume wangu alifunga bomba la mafuta kwa mikono mitupu, akarudi nyumbani viganja vimefungwa bendeji. Wiki hiyo hiyo mtoto alianguka kwenye ngazi za jengo letu akavunjika mkono. Mama mkwe aliwatazama wote wawili wamekaa kwenye kochi, baba na bendeji zake, mtoto na plasta yake. Mume wangu ndiye aliyetangulia kusema.

"Mama, usinitazame hivyo."

Mama mkwe alikufa miaka mingi kabla ya ajali ninayoijia, Mungu amrehemu. Lakini neno lake lilibaki.

Mwanangu alikua, akawa fundi wa lifti. Meli nayo ilizeeka, ikageuzwa ya kufundishia vijana, kisha ikafungwa gatini, haitoki. Mume wangu akastaafu. Asubuhi moja mwanangu alikuwa anateremka mtaa wa Ruwi kwenda kazini, lori likamgonga ubavuni. Tulipofika hospitali alikuwa keshawekewa mpira kooni na mashine inampumulia. Daktari alisema ubongo umevimba. Tukamuuliza ataamka lini. Akasema tusimuulize lini.

Tukawa tunashinda pale. Mimi nilisoma Yasin mpaka midomo ikakauka. Mume wangu alisimama upande wa miguu, amemshika mwanawe kisigino juu ya shuka, anasikiliza mashine. Nilijua anachofanya: anaisikiliza kama alivyokuwa akiisikiliza injini, akitafuta pale itakapokosea.

Tukiwa katika hali hiyo, simu yake ikalia. Alikuwa mwenzake wa zamani, ana furaha. Meli yao inakwenda kuzamishwa! Imesafishwa mafuta yote, itawekwa chini ya bahari iwe nyumba ya samaki na watu wa kupiga mbizi wapate pa kutembelea. Mabaharia wa zamani wamealikwa kuiaga. Mume wangu aliiteremsha simu pajani, yule mtu bado anazungumza.

"Wanaizamisha," aliniambia. "Wiki hii."

Sikuhitaji kuuliza anafikiria nini. Na mimi nilikuwa nafikiria hilo hilo.

Kesho yake tulikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia uzamishaji ule. Ofisa aliyetupokea alikuwa na umri wa mwanetu, heshima tele, akituita ammi na khalti kwa adabu ya Kiarabu, akatuagizia kahawa na tende.

"Ammi, karibu. Umekuja kuthibitisha nafasi yako kwenye boti?"

"Nimekuja kukuombeni msubiri," mume wangu alisema. "Mwezi. Au wiki mbili."

"Kuna tatizo na meli?"

"Hapana."

"Basi kuna nini, ammi?"

Mume wangu, mtu aliyefunga bomba la moto kwa viganja vyake, alishindwa kusema. Nikamsemea mimi. Nikaeleza jina, nikaeleza mwanetu alivyolala. Niliyasikia maneno yangu jinsi yalivyokuwa ya kipumbavu mle ofisini, nikaendelea.

Kijana alisukuma makaratasi yake pembeni. Hakucheka, na mpaka leo namwombea dua kwa hilo.

"Khalti," aliniambia taratibu, "baruti zishategwa, bahari imetulia siku hizi tu. Hata mimi nikitaka, siwezi."

"Basi ondoeni jina!" Mume wangu alikuwa keshasimama. "Futeni jina, muizamishe bila ya jina. Nakuomba, mwanangu. Nakuangukia."

"Jina tulishaliondoa, ammi. Meli ikistaafu jina lake huondolewa. Pale hivi sasa pana chuma tu."

Nikamshukuru, nikamvuta mume wangu mkono, tukatoka. Ndani ya gari mume wangu hakuwasha injini. Alishika usukani, akawa anatazama ukuta.

"Umesikia?" nilimwambia. "Haina jina tena. Alhamdulillahi."

"Nimesikia. Wamelitoa." Sauti ilikuwa haina nguvu hata chembe. "Sasa limebaki kwa mwanetu peke yake. Ataubeba vipi mzigo wote ule?"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilimpigia kelele mume wangu mbele ya lango la ofisi ya watu, walinzi wakatugeukia.

"Mwanangu si meli! Nimemzaa mimi! Si meli!"

Alilia, nikalia. Kisha akawasha gari tukarudi hospitali, kwani hapakuwa na pengine pa kwenda.

Siku ya kuizamisha, yeye alikataa kuondoka kitandani kwa mwanawe. Nikasema mimi ntakwenda. Alinitazama kama niliyesema nakwenda kuogelea.

"Kufanya nini?"

"Kuiona ikizama. Halafu ntakupigia, uniambie kama anapumua. Tujue moja."

Wazee wenzake walinipisha nafasi nzuri kwenye boti, wakinipa pole ya mgonjwa. Meli ilikuwa pale, kijivu, imechakaa, ubavuni pamebaki alama ya rangi mbichi pale lilipokuwa jina. Mizinga ilikuwa ishang'olewa. Honi ikapigwa. Kisha vishindo vikatoka chini, vizito, kama mtu anapiga godoro, na moshi ukaruka. Wale wazee wakapiga saluti. Meli ilikaa kwanza, nikadhani haizami. Halafu nyuma ikalegea, pua ikainuka, maji yakaingia madirishani, ikaenda. Povu likachemka kwa muda, bahari ikajifunga.

Nilikuwa na simu mkononi, na sikuweza kubonyeza. Mimi niliyemwambia mume wangu si meli, kidole kilikataa. Mzee mmoja akaniuliza kama naumwa na bahari. Nikamwambia ndiyo. Nikageukia upande wa pili wa boti, nikapiga.

"Imezama," nilisema.

Sikungoja ajibu.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Kweli?"

"Nimemshika. Anapumua."

Nikakaa chini pale pale kwenye mbao zilizoroa. Watu walidhani naililia meli.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo mambo yalitengenea. Alifumbua macho baada ya wiki nyingi, lakini macho yalitupita. Upande wake wa kulia umelala. Tulipomleta nyumbani, majirani, Mhindi wa duka la vifaa na vijana wa gereji ya chini, walimpandisha kwa kiti ngazi zote, kwa kuwa jengo letu halina lifti. Maneno yanamjia machache, mengine si yale anayoyataka. Akitaka maji husema mlango, na tukikosea hutupa bakuli la uji.

Mume wangu humnyoosha vidole kila asubuhi, kimoja kimoja, kwa mafuta ya nazi. Juzi aliniuliza, mikono ikiwa kazini, "Na sisi tukifa, nani atamfanyia hivi?"

Nilichukua kitambaa, nikafuta uji ukutani. Mwanangu alikuwa ananitazama, na safari hii nna hakika alikuwa ananiona mimi.

"Mlango," alisema.

Nikamletea maji, akayakataa. Akasema tena, mlango, na akanyoosha mkono wake mzima kuuelekea. Alikuwa anautaka mlango kweli. Mume wangu akaenda kuwaita vijana wa gereji waje wamteremshe.