Kidirisha cha Kaseti

Harufu ya betri zilizopata joto la jua ndiyo hunirudisha Ngao, kwa Nyanya, mamake mama. Betri za redio-kaseti yetu zikichoka, Nyanya alizianika juu ya mabati ya banda la kuku ili zipate nguvu kidogo. Nami nilikaa hapo kuzilinda, kuku wasije wakazidonoa. Ningezilinda hata na mamba, jamani, maana bila betri hizo sikuwa na mama.

Mama alikuwa Saudia, akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Aliniacha sijaanza shule. Badala ya barua alituma kaseti, jirani akatuletea kutoka Garsen. Ilikuwa ya plastiki ya kuonyesha ndani: utepe wa kahawia ukitoka gurudumu la kushoto, ukijiviringisha kwenye la kulia. Nyanya alisikiliza amefumba macho. Mimi nilikodolea macho kidirisha cha redio. Mama aliulizia mpunga, akaulizia mto, akasalimia ukoo mzima, na huku gurudumu la kushoto likizidi kukonda. Nikajua mama anaisha.

Basi likibaki jembamba, niliruka nikabonyeza kitufe. Kach!

"We mtoto, wacha mamako amalize!" Nyanya alinifokea huku akicheka. "Si tutairudisha nyuma?"

Wapi! Nilijua nilichokiona. Kipande kile cha mwisho nilikiweka akiba, ili siku zote awepo mama kidogo aliyebaki. Jioni wenzangu waliitwa na mama zao kula, mmoja mmoja, nami nikabaki kibarazani nimepakata redio. Upweke ule siusahau mpaka leo.

Baadaye redio ikafa. Mama aliporudi nilikuwa msichana mkubwa, niko shule ya bweni, tukasalimiana kama wageni. Moyoni nilishaamua kwamba aliniacha bila hata kugeuka nyuma. Sasa yeye anaishi Hola, mimi Garsen, na salamu zetu hupita kwenye simu. Simu ni kioo cheusi tu. Huoni kinachozunguka, huoni kinachopungua.

Juzi, nikipekua sanduku la marehemu Nyanya, nikaikuta kaseti ile. Fundi mmoja hapa mjini akanihamishia sauti kwenye simu, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza hadi mwisho. Mama alimaliza salamu, akaaga. Lakini hakuzima. Nikasikia feni, nikasikia anavyopumua. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, bado kidogo. Naona utepe haujaisha." Hakusema tena. Alikaa nami hivyo mpaka utepe ukaisha.

Kumbe naye, huko alikokuwa, alikuwa amekodolea macho kidirisha kama changu, akiogopa nilichokuwa naogopa mimi. Nililia, sikujali mtu.

Jioni nilimpigia. Tukaongea habari za mvua, za mbuzi wake, kisha maneno yakatuishia, kama kawaida yetu. Sikukata simu. Naye hakukata.